Nyusi Zangu Zimebaki Kirua

Tangu nirudi Dodoma, kila anayeingia kibandani kwangu kupima nguo hunitazama usoni kwanza, kisha hujifanya anachagua vitambaa. Wenye adabu wananipa pole bila kusema ni pole ya nini. Wasio na adabu, yaani ninyi mafundi wenzangu, mmeniuliza mbele ya wateja nyusi zangu nimezipeleka wapi. Basi nakaa chini niwaeleze wote mara moja, maana nimechoka kurudia, na kila nikirudia mnacheka mahali pasipo pa kucheka.

DODOMA HADI MOMBO

Nilikwenda Kirua Vunjo, kwetu upande wa Moshi, kwa ajili ya Deo. Deo ni mtoto wa marehemu kaka yangu, na tangu kaka aondoke mimi shangazi ndiye niliyebaki wa kumsimamia. Kijana anampenda binti mmoja wa huko juu karibu na msitu, Restituta, na Restituta anampenda yeye. Tatizo lilikuwa baba wa binti, Mzee Aloisi.

Mara ya kwanza Deo alikwenda kuposa bila kuniuliza. Yeye na rafiki zake wa Moshi mjini waliona mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, imepitwa na wakati. Wakapakia makreti ya bia ya chupa, tena bia ya Kenya iliyovuka mpaka wa Holili, wakapanda nayo mlima huku redio kaseti inapiga muziki. Mzee Aloisi aliwapa viti, akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akawaambia wayarudishe makreti yao kwa sababu nyumba yake si baa. Atawapokea mara moja tu nyingine, alisema, wakija na mbege iliyopikwa na wanawake wa ukoo wao. Ikishindikana, kuna bwana mmoja wa Himo, muuza vipuri vya magari, ambaye alishaanza kupita pale kusalimia bila sababu.

Kwetu wasemaji wa posa wanaweza kusema mpaka mate yakauke, lakini jambo lenyewe ni moja. Baba wa binti akishaonja mbege yenu, amekubali. Asipoonja, mmekuja kutembea tu. Deo akanipigia simu dukani kwa jirani yangu, nami nikafunga kibanda siku ileile.

Nilibeba mfuko wa ulezi wa Kondoa, maana mbege bila ulezi mzuri ni mchuzi wa ndizi. Kwenye basi nikaketi na bwana mmoja wa Korogwe aliyekuwa na jogoo kwenye kikapu chini ya kiti. Tulifika Mombo basi likagoma. Dereva akaingia uvunguni, utingo akamfuata, kisha abiria mmoja aliyesema ni fundi naye akaingia, na miguu yao ikakaa hapo nje muda mrefu bila kutikisika. Sisi wengine tukala wali wa mama mmoja wa pale, wali mtamu wenye nazi, sina la kusema.

Kosa langu lilikuwa kumwambia yule bwana safari yangu ni ya nini. Akasema mbege anaijua, ni uji uliochacha. Jamani, ningenyamazaje? Tulirudi kwenye viti tukabishana kuanzia ndizi zinavyochemshwa mpaka kata ya kunywea inavyoshikwa, abiria wa nyuma wakaingilia, na mama mmoja wa Same akawa upande wangu. Nilishinda. Nilipoinama kuchukua kitenge changu nikamkuta jogoo nje ya kikapu, amelala juu ya mfuko wangu uliochanika, kavimba, hawezi hata kusimama. Ulezi wa Kondoa wote ulikuwa tumboni mwake. Bwana aliona aibu, akataka kunipa jogoo mwenyewe. Nikakataa kwa hasira, na nilijutia hilo mpaka tunapita Same.

MOSHI HADI KIRUA, KWA KUPITIA HIMO

Moshi nilipokewa na Deo na rafiki yake Kanuti mwenye pikapu. Kanuti ni kijana mwema, hanywi, hatukani, na gari lake analipenda kuliko baadhi ya watu wanavyopenda watoto wao. Ana kasoro moja. Ukimwagiza kitu, husema ameelewa kabla hujamaliza sentensi.

Ilibidi tupite Himo kununua ulezi mwingine. Soko lilikuwa limejaa kila kitu siku hizi za biashara huria: sabuni za Kenya, mitumba, masufuria, saa zisizotembea. Nikamwambia Kanuti ashuke anunue ulezi mwekundu, uliokauka vizuri. Akasema ameelewa, akarudi na mtama. Nikamrudisha, akaja na ulezi mzuri lakini umesagwa tayari, na sisi tunautaka mzima ili tuuoteshe kwanza. Mara ya tatu nilishuka mwenyewe na viatu vyangu vya safari.

Tulipoanza kupanda nikaona mlima umejifunika. Nikasema lile wingu lina rangi mbaya. Kanuti akasema ni wingu la kawaida. Nikamwambia nimezaliwa chini ya mlima huu na sijawahi kuona wingu la kahawia. Deo alikuwa anatazama upande wa kina Restituta, na angeona hata tembo angeona ni wingu.

JIKONI KWA WIFI

Mimi na wifi yangu, mama yake Deo, tulipika mbege ile kama tunaopikia mitihani ya serikali. Ndizi tulichemsha mpaka zikawa nyekundu, tukaziacha zitulie siku zake. Ulezi tuliuotesha, tukausaga, tukaupika, tukachanganya. Kila jioni wifi alifunua chombo akanusa, nami nikanusa baada yake, tukatazamana bila kusema, kwa kuogopa kuiharibu kwa maneno. Mbege ina siku yake. Siku hiyo ni tamu, inauma kidogo ulimini. Kesho yake unainywa jicho moja limefumba. Yetu iliiva Jumamosi asubuhi, na mwaliko ulikuwa Jumamosi, nikaona Mungu naye ni wa ukoo wetu.

Njia ya kwa Mzee Aloisi inavuka korongo baya, na mtungi ungepasuka, kwa hiyo tulitia mbege kwenye madumu ya njano, yale ya mafuta ya kupikia. Mdomo wa dumu tukauziba kwa jani kavu la mgomba lililosokotwa, kwa sababu mbege inapumua na kifuniko cha kukaza kingeruka. Naomba mkumbuke kwamba huko kwetu hata dumu la maji huzibwa hivyohivyo. Vifuniko vyenyewe hupotea siku ya kwanza, na migomba ipo kila mahali.

Nilivaa gauni langu la kitenge lenye mabega ya kupanda, mnalolijua, na viatu vya kisigino. Deo alivaa suti niliyomshonea, na mkononi akashika jani la isale, ambalo kwetu ni jani la kuombea msamaha, kwa ajili ya yale makreti.

KANISANI

Hatukufika mbali. Kengele ya kanisa ilikuwa inapigwa vibaya vibaya, si ya misa wala ya msiba, na mwenyekiti wa kijiji alikuwa amesimama katikati ya njia na panga. Moto uliokuwa unaunguza vichaka vya juu kwa siku kadhaa ulikuwa umegeuzwa na upepo, sasa unashuka kuingia msituni. Wengine walisema umeanzishwa na warina asali walioacha kienge chao cha moshi, wengine wakasema ni sigara ya mpagazi wa watalii, na kila mtu alisema mkosaji ni wa kijiji cha pili. Hapo sikucheka. Mifereji yote inayonywesha migomba yetu inatoka msitu ule. Ukiungua, hakuna ndizi, hakuna ng'ombe, na sisi tungekuwa na mlima wa kutazama tu.

Mwenyekiti akaamuru kila nyumba itoe mtu, kila gari libebe maji. Wanawake wakaanza kupakia madumu yao kwenye pikapu ya Kanuti, nyuma ya yetu ya mbege. Nikamshika Kanuti mkono, nikamwelekeza taratibu: madumu ya mbele, karibu na kichwa cha gari, ni mbege, ya nyuma ni maji. Aanze kushusha mbege kwa Mzee Aloisi, halafu maji ayapeleke juu mpaka gari litakaposhindwa. Alisema ameelewa nikiwa bado kwenye neno mbege.

Mimi na Deo tukapanda kwa miguu pamoja na watu.

KUPITA MSITUNI

Sikuwa nimepanda msitu ule tangu nikiwa msichana wa kutafuta majani ya ng'ombe, na wakati ule sikuwa na visigino. Nilianza kwa heshima, nikaendelea kwa kushika miti, mwishowe nikawa natembea kwa mikono na magoti. Wapagazi walikuwa wanashuka na wageni wao kukimbia moshi. Mmoja alinionea huruma, akanivulia raba zake, yeye akashuka na ndala.

Mzungu mmoja mwanamke alisimama kunitazama: gauni la mabega, raba za kiume, kilemba, na kundi la watu nyuma yangu wameshika matawi. Akamuuliza mpagazi mimi ni nani. Mpagazi, kwa kuwa alitaka waendelee kushuka, alimjibu kwamba mimi ndiye mkuu wa sherehe. Yule mama akanipiga picha, kisha akaniinamia. Mimi nami nikamwinamia, nikidhani ndivyo wanavyopeana pole. Kwa hiyo mjue kwamba huko Ulaya kuna nyumba ambayo picha yangu imetundikwa ukutani, na wanaamini nilikwenda kuubariki moto.

KWENYE MOTO

Juu, msitu unapoishia na vichaka vinapoanza, moto ulikuwa mstari mrefu, mfupi wa kimo lakini mkorofi. Tulijipanga kuupiga kwa matawi mabichi. Mwanzoni kila mtu alipiga kivyake, tukawa tunapigana sisi kwa sisi. Ndipo katekista akatoa wazo. Akaanza litania ya watakatifu kwa sauti kubwa, na kila tulipoitikia "utuombee" matawi yote yalishuka pamoja. Lilifaa kweli, moto ulirudi nyuma hatua kwa hatua. Watakatifu wakaisha, akaanza upya, na mzee mmoja akalalamika kwamba wa kwao amerukwa mara zote mbili. Ikabidi aitwe peke yake, na tukampigia kwa nguvu ili mzee aridhike.

Udongo wa kule ni majani yaliyooza tangu zamani, nao unawaka chini kwa chini. Unazima hapa, moshi unatokea nyuma yako. Niliona kisiki kimoja kimetulia kabisa, nikainama nikihakikishe. Kilikuwa kinanisubiri. Kililipuka usoni mwangu fuu, nikasikia harufu ya nywele, na kuanzia hapo pua yangu haikunusa kitu kingine siku nzima. Hivyo ndivyo nyusi zilivyokwenda. Sasa mmejua, lakini kaeni, bado sijamaliza.

CHINI YA MIZINGA

Pembeni kidogo, chini ya mti mkubwa wenye mizinga ya nyuki, mtu mmoja alikuwa anachimba mtaro peke yake huku akikohoa. Alikuwa Mzee Aloisi. Mizinga ilikuwa yake, ya baba yake, na ya babu yake kabla ya hapo, na wenzake walikuwa wamemwambia aiache. Deo akasogea na suti yake, akasema shikamoo. Mzee akaitikia marahaba, akamtazama kuanzia kola mpaka viatu, akamwambia kama amekuja kusema maneno aende, kama amekuja kuchimba achimbe. Deo akalichomeka isale kifuani, akachimba. Wakachimba bega kwa bega bila neno, na mimi nikasimama pale na roho mkononi, sijui niombee mti au ndoa.

Moto ukatokea chini ya ardhi, kwenye mizizi ya ule mti. Mzee akaita maji. Wanawake walikuwa wamejipanga mstari tangu mahali pikapu iliposhindwa, wakipokezana madumu, na wa mwisho nilikuwa mimi. Nikampa la kwanza. Jembe lilikuwa bado mkono mmoja, kwa hiyo alizibua jani la mgomba kwa meno. Povu likamrukia usoni. Alisimama kidogo, akajifuta mdomo, akamwaga. Akatupa jembe, akapokea la pili, akalizibua kwa meno vilevile, akamwaga. La tatu na mengine yote akamwaga Deo.

Mizizi ilitoa mvuke mwingi, ikanyamaza. Nyuki walitoka wakanung'unika, wakarudi ndani. Mizinga ilikuwa salama, na moto upande ule ulikuwa umekufa. Tulitaka kushangilia, lakini nikaona watu wamenyamaza mmoja baada ya mwingine. Katekista alikwama katikati ya jina la mtakatifu. Wazee wawili wakavua kofia. Mmoja akapiga magoti, akachota tope, akanusa, akatikisa kichwa kama mtu aliyefiwa. Mimi peke yangu sikuelewa, kwa sababu ya pua.

Mzee Aloisi aligeuka.

"Hii mbege ni ya nani?"

Deo alikuwa mweusi kama chungu, isale limebaki kikonyo.

"Ni yako, baba," akasema.

Mzee alitazama mizinga yake, akamtazama Deo, akaokota jembe.

"Mbege haikufika nyumbani kwangu," akasema, akaanza kushuka.

KUSHUKA KWA MZEE ALOISI

Nilishuka nikilia, na sikusingizia moshi. Mbege ilikuwa na siku moja, na siku ile tuliimwaga kwenye mizizi ya mti. Kanuti nilimkuta kwenye gari, akaniapia kwamba alielewa vizuri sana. Alifika kwa Mzee Aloisi, akageuza gari, na gari lilipogeuka, kwa hesabu yake, ya mbele yakawa ya nyuma. Nilitafuta tusi linalomtosha, sikulipata kwa Kiswahili wala kwa Kichagga.

Uani kwa Mzee Aloisi tulikuta wazee wasioweza kupanda mlima wamekaa na kata zao mkononi, na katikati yao Bibi Elizabeti, mama yake mzazi Mzee Aloisi, mdogo wa mwili lakini hakuna anayemkatiza. Pembeni alikaa yule bwana wa Himo, shati jeupe halina hata doa. Alikuwa amekuja kusalimia na akaona mlima ni mbali.

Kumbe walishafungua madumu. Bibi Elizabeti alisema alionja akajua ni maji, akanyamaza aone wazee watasema nini. Mmoja alisema mbege za siku hizi ni nyepesi. Mwingine alikuwa kwenye kata ya tatu na alishaanza kusema imemshika miguu. Yaliyobaki bibi aliyapikia ndizi.

Mzee Aloisi akaeleza mambo yote kwa haki, bila kuongeza wala kupunguza, kisha akamalizia kwamba mbege haikuletwa nyumbani wala hakupewa kwa kata, kwa hiyo posa haipo. Deo aliinamisha kichwa. Jikoni sufuria lilianguka, na nilijua ni mkono wa nani ulioliangusha.

Bibi Elizabeti akamwita mwanawe asogee.

"Aloisi, dumu la kwanza alizibua nani?"

"Mimi, mama."

"Kwa mkono gani?"

Mzee Aloisi ni mzee wa kanisa. Aliangalia chini.

"Mkono ulikuwa na jembe. Nilizibua kwa meno."

"Ikakuingia mdomoni?"

"Kidogo."

"Ukaitema?"

Nawaambia, hata kuku wa pale uani walisimama. Mzee alijikuna shingo.

"Sikuitema, mama."

Minong'ono ikaanza, lakini bibi aliinua kidole kimoja, ikazimika. Bwana wa Himo alikuwa ameanza kutafuta funguo zake za gari mfukoni.

"Hilo la kwanza ni bahati mbaya," Bibi Elizabeti akasema. "Moto ulikuwa unawaka, siwezi kusema hapo ulionja mbege yao. La pili, jembe lilikuwa wapi?"

Mzee Aloisi aliutazama mlima, akatutazama sisi, akamtazama Deo na ile suti yangu iliyokuwa matambara. Nikaona mdomo unamcheza.

"Jembe nilikuwa nimeshalitupa," akasema. "Mikono yote miwili ilikuwa mitupu, na bado nililizibua kwa meno, nikameza."